Kilomita 14 Zilizobaki



Wapendwa vijana, kwa mfululizo wetu wa fadhila za msingi leo ilikuwa zamu ya fadhila ya nguvu. Nilikuwa nimeshaandaa somo zuri tu, lenye Aristotle mwanzoni na Mtakatifu Tomaso wa Akwino mwishoni, kama tulivyozoea kuandika kule filosofia. Nimeliweka pembeni. Si kwamba lilikuwa na makosa. Ni kwamba mwezi wa nane mwaka huu nilikimbia, na sasa kila nikifungua lile somo naona limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuishiwa pumzi. Basi nitawaletea Tomaso yule yule, ila kwa njia ya Newala.

Wengi mnajua nipo mwaka wa kichungaji huku Mtwara. Jioni baada ya masifu nilikuwa na mazoea ya kukimbia ufukweni Shangani, kilomita 5, kilomita 8, kutoa mawazo. Vijana wa parokia wakaanza kunifuata. Mara tukawa tunakwenda hadi Mikindani na kurudi, kwenye vile vilima vya nyuma ya Boma ya Wajerumani. Siku moja tulikodi gari tukaenda Msimbati, ndani ya lile eneo la hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma, tukakimbia kwenye mchanga mpaka miguu ikakataa. Mchanga wa Msimbati unaonekana mgumu hata magari yanapita juu yake, lakini ukitoka hatua mbili tu pembeni unazama hadi kifundo cha mguu. Tukiwa tumelala chali pale, mmoja akauliza, “Frateri, hivi mtu anaweza kukimbia zaidi ya marathoni?”

Anaweza. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Chochote kinachozidi hapo watu wa riadha wanakiita ultramarathoni. Kule Afrika Kusini kuna mbio za Comrades, kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90 za milima, zilizoanza mwaka 1921 kuwakumbuka askari waliokufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Muda ukiisha anayeongoza mbio anapiga bunduki akiwa amewapa wakimbiaji mgongo, ili asione nani amebaki hatua mbili kutoka kwenye mstari. Niliwasimulia hilo na wote wakanyamaza. Halafu wakasema, tufanye ya kwetu.

Kwa hiyo haikuwa mashindano. Hakuna namba kifuani, hakuna medali, hakuna mdhamini. Tulikuwa watano, pamoja na kaka mmoja wa bodaboda aliyekubali kutubebea maji kwa bei ya kirafiki. Njia tuliichora wenyewe kwa kuulizana na wenyeji: kuanzia Newala mjini karibu na Shimo la Mungu, kukimbia kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde katikati ya mikorosho, kushuka kwenye bonde la Ruvuma, kufuata vijiji vya bondeni, kisha kupanda tena ule ukuta wa mlima na kurudi tulikoanzia. Simu ilituambia ni kilomita 52.

Kwa wasiofika Newala, Shimo la Mungu si shimo hasa. Ni mahali ambapo ardhi inakatika ghafla, na chini yako unaona bonde lote mpaka mto Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Asubuhi ukungu unalijaza lile bonde kama maziwa kwenye bakuli. Nilipoliona mara ya kwanza nilijisikia nataka kusali na kuogopa kwa wakati mmoja. Huo nadhani ndio mwanzo wa dini.

Sasa niwaambie kitu ambacho wenzangu hawakukijua.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, chumbani tulikolala, nilifungua daftari langu la sala nikaandika mkataba na Mungu. Barua yangu ya kuomba kuendelea na teolojia ilitakiwa ifike mwisho wa Agosti, na nilikuwa sijaandika hata tarehe. Sababu zipo na si za kutisha. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha sita wana kazi, wengine wana watoto wanaowaita baba. Mama yangu anauza samaki, na mdogo wangu amesimama masomo kwa ajili ya ada. Mtu anaweza kuwa na wito na bado akalala macho wazi akipiga hesabu za ada. Basi nikaandika: Bwana, nikimaliza kilomita 52, nitaandika barua. Nisipomaliza, nitajua umesema nirudi nyumbani. Nikaweka sahihi kabisa, na tarehe.

Msicheke. Nilikuwa na Gideoni upande wangu, yule wa Waamuzi sura ya 6, aliyetandika ngozi ya kondoo uwanjani akaomba umande uwe hapa usiwe pale, kisha kesho yake akaomba kinyume chake. Mungu akamvumilia. Nikasema atanivumilia na mimi.

Tulianza saa kumi na moja alfajiri kwa sala fupi na uji. Mwezi wa nane mikorosho inachanua, na wakulima wanaamka mapema kuipuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, kabla upepo haujaanza. Kwa hiyo saa mbili za mwanzo tulikimbia ndani ya ngurumo za zile mashine za mgongoni na harufu ya kiberiti. Dogo mmoja akasema ndiyo harufu ya jehanamu, tukaze mwendo. Tulicheka sana. Huyo dogo ana miaka kumi na tisa, mtoto wa pekee. Siku tunaondoka Mtwara mama yake alikuja hadi stendi akanishika mkono: “Frateri, mwanangu nakukabidhi.” Nikajibu kama tunavyojibu wote, “Usijali, mama.”

Hadi kilomita ya 20 nilikuwa malaika. Mteremko wa kwenda bondeni ndio ulionifundisha kwamba kushuka kunaumiza kuliko kupanda. Kwenye kupanda mapafu yanalalamika, lakini kwenye kushuka misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki kila hatua, na hiyo breki inalika. Vidole vinagonga mbele ya kiatu. Nilipoteza kucha mbili. Kule chini hewa ni nyingine kabisa. Juu kulikuwa na upepo, bondeni joto limetulia kama limekaa kikao. Tulikula ming'oko ya kuchemsha na chumvi tuliyobeba toka Newala, na ndizi. Niwaambie wanaopenda kukimbia: hiyo ming'oko ilinisaidia kuliko biskuti zote. Ukitoka jasho saa nyingi unapoteza maji pamoja na chumvi, na ukirudisha maji matupu bila chumvi unaweza kujiletea ugonjwa ukidhani unajitibu. Dogo hakupenda ming'oko. Alikunywa maji tu, mengi, kisha kuanzia kilomita ya 30 akasema tumbo limejaa, hanywi tena.

Niliona. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Niliona amepunguza maneno, kisha ameacha kabisa maneno, na yeye ni msemaji.

Wawili wenye nguvu walikuwa wametangulia. Mwingine alikuwa amepanda pikipiki kwa sababu ya goti, na pikipiki ilishazunguka kwa barabara kwenda kutusubiri juu, maana ile njia ya miguu hapo mlimani haipitiki kwa chombo. Tukabaki mimi na dogo. Kwenye kilomita ya 38, mguuni pa mlima, saa sita mchana, akasimama akatapika. Akakaa chini ya mwembe. Nikamuuliza, upo sawa? Akasema, “Nipo sawa, tangulia.” Macho hayakuniangalia.

Nikatangulia.

Nawaandikia hivi hivi bila kupamba. Nilimwambia pumzika, nikifika juu namtuma mwenye pikipiki atafute njia. Nikaanza kupanda. Kichwani nilikuwa na hesabu moja tu: 52 kutoa 38 ni 14. Nikajiambia kwamba kule juu ndiko kuna mtandao, kwa hiyo kupanda ndiko kumsaidia. Unaona akili ya mtu aliyesoma filosofia inavyofanya kazi? Inaweza kujenga hoja safi kwa ajili ya kitu chochote ambacho miguu imeshaamua.

Nilipanda kama mita 300. Kwenye kona kulikuwa na bibi mmoja amepumzika juu ya jiwe, ushungi kichwani, ndoo ya maji pembeni imefunikwa kwa majani. Nikamwamkia, “Shikamoo bibi.” Akaitikia. Kisha akaangalia bondeni kupitia mabega yangu, maana kutoka pale mwembe ulionekana wote, akaniuliza kwa upole kabisa:

“Yule uliyemwacha chini ya mti, anajua kama umemwacha?”

Hapa niwaache kidogo niende Mexico.

Kila Mtanzania anamjua John Stephen Akhwari, au anapaswa kumjua. Mwana wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki jijini Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Misuli ilimkaza, kisha kabla ya nusu ya mbio wakagongana, akaanguka, goti likateguka na bega likaumia. Akafungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, kwa saa 3:25:27, jua limezama na watu wachache wamebaki, akichechemea. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii: nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, ilimtuma amalize. Alikuwa wa 57, wa mwisho. Na watu husahau kwamba miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alishika nafasi ya 5.

Hiyo stori tumeisikia kwenye semina ngapi za vijana? Mimi mwenyewe nimeitumia kwenye mahubiri ya mazoezi. Funzo lake huwa moja: usikate tamaa, maliza. Na ndiyo stori niliyokuwa naipiga kichwani nilipokuwa napanda ule mlima nikiwa nimemwacha mtoto wa mtu chini ya mwembe.

Lakini katika mbio zile zile kuna mtu mwingine. Waliondoka 75, wakamaliza 57. Kumi na wanane hawakufika. Mmoja wao ni Abebe Bikila, bingwa wa Roma 1960 aliyekimbia bila viatu, bingwa tena wa Tokyo 1964. Alikwenda Mexico akiwa na jeraha la mguu, akajitoa kabla ya nusu. Nani amewahi kumwita Bikila mwoga? Alijua mguu wake umefika wapi, na mwenzake wa nchi moja alikuwa mbele akiwa mzima. Akatoka. Njia ni ile ile na siku ni ile ile. Mmoja akaendelea, mwingine akaacha, na mimi sioni kwa nini tulazimike kumchagua mmoja awe na fadhila na mwingine asiwe nayo.

Hapo ndipo Tomaso anaingia, na safari hii nimemwelewa. Anapozungumzia fadhila ya nguvu katika Summa yake (sehemu ya pili ya pili, swali la 123), anauliza tendo lake kuu ni lipi: kushambulia au kustahimili? Sisi vijana tungejibu kushambulia. Yeye anasema kustahimili, kwa kuwa ni vigumu zaidi kukaa imara chini ya ubaya ulioko tayari kuliko kuurukia. Mpaka hapo hata mkimbiaji wa kilomita 52 anapiga makofi. Lakini endelea hadi swali la 137 na 138. Anasema udumifu ni fadhila, na kama fadhila nyingine una maovu mawili, moja kila upande. Upande mmoja ni ulaini, mtu anaacha jambo jema mara tu likianza kumkosesha raha. Hilo tunalihubiri kila Jumapili. Upande wa pili ni ukaidi. Mtu anashikilia lake kupita inavyopaswa. Na sehemu nyingine, anapoorodhesha watoto wa majivuno, ukaidi umo. Mama yake ukaidi si ushujaa. Ni majivuno.

Aristotle alishaligusa. Anasema watu wakaidi wanaona raha ya ushindi pale wasipobadilishwa nia. Yaani hawashindani na mtu, wanashindana na sababu nzuri ya kubadilika, na wakiishinda wanafurahi. Nilipoisoma hiyo darasani niliipigia mstari kwa kalamu ya kijani kwa sababu nilimfikiria mwenzangu mmoja wa bweni.

Udumifu na ukaidi kwa nje vinafanana sana. Vyote vinatoka jasho, na ukipiga picha huwezi kutofautisha. Tofauti iko kwenye lengo. Akhwari alikuwa ametumwa, na alichoshikilia kilikuwa ni uaminifu kwa waliomtuma. Mimi nilikuwa nimejituma, na nilichoshikilia kilikuwa karatasi niliyoiandika mwenyewe usiku na kuitia sahihi kwa niaba ya pande mbili.

Turudi kwa bibi.

Sikumjibu. Niligeuka, nikashuka, na yeye akainuka akajitwika ndoo yake akashuka nyuma yangu. Dogo alikuwa ameegemea mti, ngozi ya moto, anaongea maneno yasiyoungana, ananiita jina la mjomba wake. Nikaanza kusali Salamu Maria kwa sauti, mikono inatetemeka. Bibi hakusali, au kama alisali sikumsikia. Alivua khanga ya juu, akaichovya ndani ya ndoo, akamfunika nayo kichwa na kifua. Akamwaga maji mengine shingoni. Akaniambia mpepee, nikapepea na kofia. Akachovya tena. Alipomaliza, ndoo ilikuwa na maji ya kufunika kiganja tu.

Nataka muelewe ndoo ile ni nini. Uwanda wa Makonde juu hauna mito. Maji ya mvua yanazama kwenye mchanga na kutokeza chini, kwenye mabonde. Kabla mradi wa maji wa Makonde haujaanza kusukuma maji juu miaka ya 1950, watu wa huko, hasa akina mama, walishuka ule mlima na kuupanda tena na maji kichwani, saa nyingi kwa safari moja. Bibi huyu aliniambia baadaye kwamba mama yake alikuwa akiondoka jogoo la kwanza. Siku hiyo yeye alikuwa anapeleka maji ya kisimani kwenye kibanda cha shamba lake, katikati ya mlima. Sisi tulikuja na viatu vya kukimbilia kupanda njia hiyo mara moja tu katika maisha, tukaiita ultramarathoni.

Na umri wake sikuuliza, ila alinizidi miaka arobaini kwa uchache.

Nilizunguka na simu juu ya mkono kama mtu anayetafuta nzi, mpaka nikapata mtandao. Pikipiki ikaja kwa njia ya bondeni. Tukapakizana mshikaki, dereva mbele, dogo katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke, mpaka kituo cha afya. Wakamtundikia dripu na kumpooza. Muuguzi alisema joto lilimzidi, na mngechelewa kidogo tungezungumza mengine. Hakusema kwa ukali. Jioni dogo alikuwa anaomba chipsi.

Wale wawili walimaliza. Saa tisa na dakika kumi walifika Shimo la Mungu wakiwa wameshikana mikono, 52 kamili. Niliwapongeza, nikawapiga picha, na ndani nilikuwa na wivu mchungu kama shubiri. Simu yangu ilikuwa imesimama kwenye 38.

Usiku sikulala. Mkataba ulikuwa wazi: hujamaliza, rudi nyumbani. Nilifikiria hata kuuchana, nikaona kuuchana ni kudanganya. Wiki iliyofuata nikaupeleka kwa baba yangu wa kiroho, padre mzee ambaye huwa anasikiliza akiwa amefumba macho mpaka unadhani amelala. Akausoma. Akauliza, “Hii sahihi ya chini ni ya nani?” Nikasema yangu. “Na ya mwenzako iko wapi?”

Nikakaa kimya.

Akanipeleka Mathayo sura ya 4. Mnalikumbuka jaribu la mnara wa hekalu: jitupe chini, Mungu atatuma malaika. Yesu anakataa kumjaribu Bwana, na maneno anayoyatumia yanatoka Kumbukumbu la Torati, yakikumbusha Masa, kule jangwani ambako Waisraeli waligombana na Musa. Waligombania nini? Maji. Kutoka 17. Walikuwa na kiu kweli, si uongo, na kiu si dhambi. Kosa lao lilikuwa kuifanya kiu iwe mtihani wa Mungu: kama yupo kati yetu, atoe maji hapa, sasa hivi. Padre akasema, “Gideoni alivumiliwa. Kuvumiliwa si kusifiwa.” Halafu akaniuliza swali ambalo nalileta kwenu kama lilivyo: “Kama ungemaliza zile kilomita 52, na kijana amebaki pale, ungeandika barua ya kuomba upadre?”

Ningeiandika. Kwa mujibu wa mkataba ningeiandika usiku ule ule, kwa furaha.

Sikuhitaji anifungulie Luka 10. Wa kwanza kupita ile njia ya Yeriko, akaona, akapita upande mwingine, mnajua alikuwa na kazi gani. Dogo mwenyewe alishalisema hospitalini kabla ya mtu yeyote, akiwa na dripu mkononi: “Frateri, ungeendelea vile ungekuwa ndani ya Injili.” Na aliyesimama, kama kwenye simulizi lile lile, hakuwa wa dhehebu letu.

Kama mnasoma hii kwenye jumuiya ndogo au kwenye mkutano wa VIWAWA, someni pia 1 Wafalme 19:4-8, polepole. Eliya amechoka mpaka anaomba afe, chini ya mti, tena jangwani. Angalieni malaika anafanya nini. Hamkemei, hamwambii kaza. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, kisha anampa tena kwa sababu safari ni ndefu kuliko nguvu zake. Mimi huwa nakimbilia ile sehemu ya siku arobaini kwenda Horebu kwa sababu ndiyo sehemu ya kishujaa. Jadilini nani katika kundi lenu yuko chini ya mti sasa hivi na mmemwambia kaza. Na mwenye ujasiri aseme ana mkataba gani wa siri na Mungu: mtihani, mchumba, kazi. Msilazimishane.

Kuhusu Paulo na mbio zake, 1 Wakorintho 9 na 2 Timotheo 4, nitaandika wiki mbili zijazo. Ila tangulizeni hili: anaposema amemaliza mwendo, yuko kifungoni, anamwomba Timotheo amletee joho lake na vitabu. Hajafika mahali popote panapoonekana kama mwisho wa mbio.

Barua niliiandika tarehe 29 Agosti, kumbukumbu ya kukatwa kichwa Yohane Mbatizaji, siku ambayo si ya kuvutia sana kuombea chochote. Nilimwandikia Askofu kuhusu mama na ada za mdogo wangu pia, wazi, badala ya kuzificha nyuma ya mlima. Sijui nitajibiwa nini. Miguu inapona. Kucha moja imeanza kuota.

Jumamosi iliyopita tulirudi Newala, mimi na dogo, kwa basi, mama yake akiwa amekubali baada ya siku tatu za mazungumzo. Tulishuka bondeni kwa pikipiki, tukaanzia kwenye ule mwembe, kwa miguu, bila saa. Tulikuwa tumenunua ndoo mpya mbili. Tulimkuta bibi kisimani na mjukuu wake, akatutambua, akauliza kama safari hii tumekula. Tukajaza ndoo. Dogo akasema yeye atabeba ya bibi kichwani kama wenyeji, na kwenye kona ya kwanza maji yote yalikuwa yanamshuka mgongoni. Bibi alikuwa nyuma yetu na fimbo yake, anacheka mpaka anasimama.

“Taratibu, baba,” akamwambia. “Maji hayo si yako.”